Mbwa Amekula Chakula Chenye Sumu: Dalili, Chanzo na Hatua za Kuchukua

Ugumu mkubwa wa kumhudumia mbwa aliyekula chakula chenye sumu ni kwamba saa ambayo tiba ingemfaa zaidi ndiyo saa ambayo yeye mwenyewe anaonekana mzima. Anatikisa mkia, anakula, anabweka getini kama kawaida. Vitunguu huweza kuchukua siku mbili hadi tano kabla ya kuonyesha madhara, zabibu huanza kuumiza figo wakati mwenye mbwa ameshaisahau keki iliyoibwa mezani, na aina nyingi za sumu ya panya hukaa kimya kwa siku tatu hadi tano. Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa umepangwa kwa dalili, unaanza na mbwa asiye na dalili yoyote, kwa kuwa huyo ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupona.

Amekula, lakini haonyeshi dalili

Usimsubiri augue. Kwanza mwondoe penye chakula hicho, kisha tafuta majibu ya mambo manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana uzito gani. Kama hujui uzito wake, panda mzani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, halafu utoe. Kiasi alichokula kikadirie kutokana na kilichobaki, na ukiwa na mbwa wawili waliokuwa pamoja, hesabu kana kwamba kila mmoja amekula chote, kwa sababu ni salama zaidi kukosea upande huo. Mpigie daktari wa mifugo ukiwa na majibu hayo mkononi. Kama kliniki iko mbali, afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza aliye karibu. Katika saa mbili za mwanzo chakula kingi huwa bado kiko tumboni na kinaweza kutolewa; baada ya hapo kazi inakuwa ni kupambana na kile ambacho tayari kimeingia kwenye damu.

Vipo vyakula ambavyo havistahili mjadala, na mbwa akivila apelekwe mara moja hata akiwa anacheza: zabibu mbichi au kavu, ukwaju, chokoleti nyeusi na unga wa kakao, vitunguu kwa wingi, donge la unga lenye hamira ambalo halijapikwa, na kitu chochote chenye zailitoli. Hiki cha mwisho ni kitamu kinachotumika badala ya sukari, nacho kimo katika bazoka nyingi zisizo na sukari, katika baadhi ya dawa za meno na katika baadhi ya siagi za karanga zinazotoka nje. Kwenye kifungashio huandikwa xylitol au E967, na mtu mwenye mbwa anapaswa kuyakariri maandishi hayo mawili. Binadamu hakimdhuru, lakini kongosho la mbwa hukipokea kama sukari halisi, likamwaga insulini nyingi, na sukari ya damu ikaporomoka ndani ya nusu saa. Gramu moja tu inatosha kumfikisha mbwa wa kilo 10 katika hatari hiyo, na gramu tano zinaweza kuliua ini lake.

Kwa upande wa pili, msomaji asimpeleke mbwa mbio kwa sababu amelamba wali mweupe au amekula embe, tikiti au nyama ya tende. Hatari ya embe na tende iko kwenye kokwa, nayo ni hatari ya kuziba utumbo.

Anatapika na kuharisha

Hii ndiyo dalili inayosema kidogo kuliko zote, kwa sababu karibu kila kitu kibaya huanza nayo. Mbwa aliyefukua jalala, aliyepewa mafuta ya nyama ya sikukuu, au aliyemeza mifupa atatapika, na wengi wao hupona wakipumzishwa tumbo kwa saa chache na kupewa maji kidogo kidogo. Mafuta mengi, hata hivyo, huweza kuvimbisha kongosho, na huyo hutambulika kwa maumivu: husimama akiwa amekunja mgongo au huinua makalio huku kifua kikiwa chini.

Yachunguze matapishi kabla hujayafagia. Maganda ya zabibu, vipande vya karatasi ya chokoleti, mbegu za ukwaju au chembe za rangi ya bluu, kijani au waridi, ambazo ndizo rangi za sumu nyingi za panya, zitakuambia zaidi ya kipimo chochote cha mwanzo. Yaweke kwenye mfuko na uende nayo. Mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa, anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali, afikiriwe kwanza kuwa ana parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na atengwe na wenzake hata kama kuna chakula kinachoshukiwa.

Ameishiwa nguvu, anayumba au anaanguka

Kama amekula kitu chenye zailitoli ndani ya saa 12 zilizopita, chukulia kwamba sukari imeshuka. Akiwa ana fahamu, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi mkiwa njiani, bila kummiminia kooni. Hiyo si tiba kamili, ila inaweza kumfikisha kliniki akiwa hai, ambako atawekewa dripu ya glukosi na sukari yake itapimwa tena na tena.

Kuyumba kama mlevi mara nyingi ni ulevi kweli. Mbwa hulewa kwa mnazi uliobaki kwenye kata, kwa machicha ya pombe yaliyomwagwa nyuma ya nyumba, na pia kwa donge la mandazi lenye hamira, ambalo huendelea kuchacha na kutoa pombe ndani ya tumbo lenye joto. Mbwa wa namna hii hupoa mwili, hupumua polepole, na asipoangaliwa anaweza kuvuta matapishi yake mwenyewe mapafuni.

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako makadamia hulimwa mashambani, dalili moja inajulikana vizuri: miguu ya nyuma inakosa nguvu, mbwa anashindwa kuinuka, anatetemeka na ana homa, yote ndani ya saa 12 baada ya kula karanga hizo. Inatisha kuiona, lakini wengi hupona katika saa 24 hadi 48. Ambaye hawezi kusubiriwa hata kidogo ni mbwa aliyekula muhogo mchungu mbichi au maganda yake: anahema kwa nguvu, fizi zake zinakuwa nyekundu mno, anaanguka na kupata degedege ndani ya muda mfupi, kwa sababu sianidi inazuia mwili kuitumia hewa ambayo tayari imo kwenye damu.

Anatetemeka, hatulii, moyo unamwenda mbio

Chokoleti na kahawa huleta hali hii. Kemikali ya kakao iitwayo theobromini hukaa mwilini mwa mbwa muda mrefu kuliko mwilini mwetu, kiasi kwamba nusu yake huhitaji takriban saa 17 kuondoka, na dalili zinaweza kuendelea hadi siku tatu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufanywa kabla ya kuingiwa na hofu. Chokoleti ya maziwa ina takriban miligramu 2 za theobromini kwa kila gramu, chokoleti nyeusi huwa na 5 au zaidi, na unga wa kakao huweza kupita 20. Mbwa huanza kusumbuka afikapo miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili wake, moyo huanza kupiga ovyo kwenye 40 hadi 50, na degedege huja kuanzia 60. Mbwa wa kilo 10 aliyekula gramu 100 za chokoleti ya maziwa atatapika na kuhangaika usiku kucha. Gramu hizo hizo za chokoleti nyeusi zinauweka moyo wake hatarini, na vijiko vichache vya unga wa kakao vinaweza kumfikisha kwenye degedege. Akiwa chini ya uangalizi, atolewe nje akojoe mara kwa mara, kwa sababu sumu iliyomo kwenye mkojo hunyonywa upya kupitia kibofu.

Kama hakuna chokoleti wala kahawa nyumbani, na mbwa anatetemeka mwili mzima saa chache baada ya kula mkate, jibini au mabaki yaliyoota ukungu jalalani, fikiria sumu za kuvu zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Hiyo nayo hutibiwa kliniki kwa dawa za kutuliza misuli, na wengi hupona.

Kutetemeka kunakoambatana na udenda mwingi, machozi, kujikojolea, kuharisha na mboni za macho zilizokuwa ndogo kama tundu la sindano si kazi ya chakula chenyewe. Hiyo ni dalili ya dawa ya wadudu wa shambani, na katika maeneo yetu mara nyingi imewekwa makusudi kwenye kipande cha nyama. Atropini ikichomwa mapema huokoa. Usiishike nyama hiyo kwa mikono mitupu.

Hapa kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuiacha. Mbwa anayetokwa udenda, asiyeweza kumeza, aliyebadilika tabia, na ambaye hana chanjo ya kichaa cha mbwa, asitiwe mkono mdomoni kwa kudhaniwa amekula sumu au amekwamwa na mfupa. Mfungie mahali, mwite mtaalamu, na mtu yeyote aliyelambwa kwenye kidonda au aliyeng'atwa aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Fizi zimepauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chai

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye kilo 16, alilikuta sinia la vitunguu vya kukaanga vilivyobaki baada ya biriani ya arusi, akalilamba likabaki linang'aa. Hilo lilikuwa Jumamosi. Jumapili alitapika mara moja, nasi tukaona yamekwisha. Jumatano asubuhi alikataa kutoka bandani. Nilipoinua mdomo wake, fizi ambazo kwa kawaida ni za waridi zilikuwa nyeupe kama karatasi, na alipokojoa mchangani lilibaki doa la rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kliniki tuliyokwenda ilimwanzishia dawa ya ugonjwa wa kupe, na siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa babesia huleta fizi nyeupe na mkojo mweusi vilevile, na sikuwatajia vitunguu. Siku nne zilikuwa zimepita na sikuona uhusiano wowote. Ni mtaalamu wa pili aliyeniuliza, huku ameishikilia darubini, "Amekula nini tangu wiki iliyopita?" Mbwa alipona baada ya takriban wiki tatu za kupumzishwa, lakini alikuwa ametembea ukingoni.

Vitunguu maji, vitunguu saumu, na majani ya vitunguu vina kemikali zinazoharibu himoglobini ndani ya seli nyekundu za damu, nazo seli hizo zikapasuka siku kadhaa baadaye. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na kukausha huikusanya. Hatari huanza mbwa anapokula kiasi kinachozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, maana yake mbwa wa kilo 15 hufikia hapo kwa gramu 75, ambazo ni pungufu ya kitunguu kimoja cha wastani. Bakuli la vitunguu vya biriani, vilivyokaangwa hadi maji yote yakakauka, lina vitunguu vingi kuliko macho yanavyoona. Saumu ina nguvu zaidi kwa kila gramu. Mchuzi wa kila siku unaomwagiwa ugali wa mbwa huweza pia kumdhoofisha taratibu, ingawa hakuna siku hata moja aliyokula kingi.

Kwa hiyo fizi zikipauka, mweleze daktari mambo mawili bila kuulizwa: kama mbwa ana kupe, na alichokula katika siku saba zilizopita. Kipimo cha damu kwenye darubini kinaweza kuzitenganisha hali hizi, mradi anayetazama ajue anachotafuta. Kama pamoja na kupauka kuna damu puani, kwenye kinyesi au michubuko chini ya ngozi, shuku sumu ya panya inayozuia damu kuganda, ambayo hutibiwa kwa vitamini K1 kwa wiki kadhaa.

Macho na fizi vimegeuka manjano

Manjano ni sauti ya ini. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chanzo cha kuchunguza kwanza ni unga. Mahindi yanapochambuliwa, punje zilizoota ukungu hutengwa, na badala ya kutupwa husagwa kwa ajili ya mbwa na kuku. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus huacha humo sumukuvu, ambayo haiharibiwi na moto wa kawaida wa jikoni. Ugali uliosongwa nusu saa bado unayo. Sumu hii ndiyo iliyoua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliojulikana mashariki mwa Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa ni mwepesi kudhurika nayo kuliko wanyama wengi.

Huanza kwa kukataa chakula, na mara nyingi mwenye mbwa humwona anadeka. Mbwa anayeukataa ghafla unga aliouzoea asilazimishwe wala kushindishwa njaa mpaka aule. Badilisha unga siku hiyo hiyo, weka akiba kidogo ya ule wa zamani kwa ajili ya uchunguzi, na umpeleke akapimwe ini. Uchovu, kutapika, kiu, manjano na hatimaye kutokwa damu hufuata kwa siku au wiki. Manjano pia huletwa na zailitoli siku moja hadi tatu baada ya kuliwa, na pia na homa ya mgunda (leptospirosisi), ambayo mkojo wa mbwa huweza kuiambukiza kwa binadamu. Kwa hiyo vaa glavu unaposafisha banda.

Na kama unga wa mbwa na unga wa nyumbani vimetoka gunia moja, familia nayo iache kuutumia.

Anakunywa maji mengi, kisha hakojoi

Kutapika ndani ya siku ya kwanza, kiu kali, halafu mkojo unapungua hadi kukauka kati ya saa 24 na 72: huo ndio mwendo wa figo zilizoumizwa na zabibu. Kwa miaka mingi haikueleweka kwa nini mbwa mmoja alikula kichala kizima asidhurike na mwingine akafa kwa punje chache. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu walipendekeza kwamba mhusika ni asidi ya tartari, ambayo kiasi chake hutofautiana kutoka zabibu moja hadi nyingine, na baadaye wakaeleza mbwa walioharibika figo kwa kula ukwaju, tunda lenye asidi hiyo hiyo kwa wingi. Taarifa hiyo inatuhusu sana sisi ambao ukwaju uko jikoni kila siku. Chachu ya viazi, maji ya ukwaju, na makapi yake yaliyokamuliwa visiwekwe kwenye sahani ya mbwa, wala zabibu za pilau.

Kwa kuwa hakuna kipimo salama kinachojulikana, mbwa aliyekula zabibu au ukwaju hutapishwa mapema na kuwekewa dripu kwa saa 48, huku kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ikipimwa kila siku. Mkojo ukishakauka, matumaini yanakuwa madogo.

Tumbo limevimba na limekaza

Donge la unga wenye hamira huumuka tumboni kama lingeumuka kwenye beseni, na mbwa hujaribu kutapika bila kutoa kitu. Hii ni dharura ya dakika, kwa kuwa tumbo linaweza kujipinda. Kokwa la parachichi au embe na gunzi la hindi huziba utumbo polepole zaidi: matapishi hurudi kila baada ya mlo, na choo hukoma. Mbwa wa namna hii asitapishwe, apigwe picha ya eksirei.

Yanayofanywa nyumbani na madhara yake

Maziwa hayavunji sumu. Mafuta ya kupikia na mayai mabichi yanayomiminwa kooni huishia mapafuni mara nyingi kuliko tunavyokubali. Mkaa wa jikoni uliotwangwa si mkaa wa dawa. Ule wa kliniki umetengenezwa uwe na vitundu vingi mno vya kunasa sumu, na hata huo haunasi zailitoli wala pombe. Chumvi inayotumiwa kumtapisha mbwa inaweza yenyewe kumuua kwa kuvimbisha ubongo. Panadoli, diklofenaki na ibuprofeni zisitolewe kabisa.

Kumtapisha ni kazi ya daktari mwenye sindano yake. Kama yuko mbali na akakuagiza kwa simu utumie haidrojeni peroksaidi, iwe ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo, bila kuzidi 45 kwa jumla. Ile ya saluni ina nguvu zaidi na huchoma koo na tumbo. Hata hivyo usimtapishe mbwa aliyelegea, anayetetemeka, mwenye degedege, mwenye pua fupi iliyobonyea, au aliyekunywa mafuta ya taa au kitu cha kuunguza. Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, zima taa na redio, na usitie kitu mdomoni. Mbwa anayetapika asifungwe mdomo, hata kama mwenye bajaji anaogopa. Mfunike kwa shuka na ukae naye nyuma.

Baada ya kliniki

Kuruhusiwa kurudi nyumbani hakumaanishi kwamba muda wa hatari umekwisha. Aliyekula vitunguu atazamwe fizi asubuhi na jioni kwa siku saba, mwangani, kwa kubonyeza kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Aliyekula zailitoli apimwe ini tena hadi saa 72, na aliyekula zabibu au ukwaju apimwe figo siku ya tatu, hata akiwa anakula vizuri. Waambie kliniki mapema kwamba utarudi kwa kipimo hicho, na uandike tarehe kwenye ile karatasi uliyoandikia uzito wake.